Nusu Nne za Nukta Moja

Chai ya Teodora Masalu haijawahi kunywewa ikiwa ya moto. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu mimi ndiye ninayeichemsha. Tunatumia ofisi moja hapa chuoni Nyegezi, Mwanza, mimi nafundisha Kiswahili na yeye hisabati, na dirisha letu linatazama ghuba. Namwekea kikombe mezani, anasema asante, dada Mwanvua, halafu akili yake inatoka nje na kwenda zake. Asubuhi magugumaji yanakuwa upande wa kushoto, kisiwa kizima cha kijani chenye ndege weupe juu yake. Mchana upepo unakuwa umeyasogeza katikati, na jioni hayapo. Teodora anayatazama hayo yote, na kikombe kinapoa. Zamani nilikuwa nakasirika, maana nimelelewa na bibi aliyeamini kwamba kuiacha chai ipoe ni kumtukana aliyeipika.

Teodora ni mtu mzima sasa, ameshavuka arobaini, mrefu, mwenye mwendo wa mtu anayetembea ndani ya maji. Hajaolewa, na ukimuuliza kwa nini anakujibu kwa upole kabisa kwamba alisahau. Darasani anaandika ubaoni huku akizungumza polepole, mara ananyamaza katikati ya sentensi, na wanafunzi wote wananyamaza naye, wakisikiliza kitu ambacho hakuna anayekisikia. Wanampenda, ingawa wengi wao hawamwelewi. Mimi pia nilikaa naye muda mrefu bila kumwelewa, mpaka siku moja ya mvua nilipochoka nikamuuliza: watu wakitaka kujua mwenzangu anafanya kazi gani, niwajibu nini? Akasema niwajibu kwamba anagawa nukta.

Nikamwambia aeleze vizuri au arudishe kikombe changu. Akaeleza. Kuna maumbo, alisema, yanayoitwa maumbo ya Abeli. Mimi nikadhani ni Abeli ndugu yake Kaini, kumbe ni kijana mmoja wa Norway aliyekufa mapema kwa kifua kikuu, miaka mingi iliyopita. Lililo jepesi kuliko yote ni mstari uliopinda tu, na alinichorea: unashuka, unajikunja, unapanda tena, kama ukingo wa ghuba yetu ukiutazama kutoka juu ya mawe. Kwenye mstari huo unaweza kujumlisha nukta. Unachukua mbili, unapitisha rula juu yake, rula inaukata mstari mahali pa tatu, kutoka hapo unavuka kwenda upande wa pili, na ulipofika ndipo jumla yao ilipo. Ukitaka kuijumlisha nukta na nafsi yake, unailaza rula iuguse mstari pale pale ilipo nukta hiyo, na kuendelea vilevile. Kwa hiyo kuzidisha kwa mbili ni rahisi. Hata mimi niliweza, na sijagusa hesabu tangu kidato cha nne.

Kazi iko kwenye kurudi. Unapewa nukta, uitafute ile ambayo ikijumlishwa na nafsi yake inakuletea hii. Hiyo ndiyo nusu yake. Halafu akaniambia, kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba nukta moja inaweza kuwa na nusu nne.

Nikamjibu kwamba kwetu sisi nusu ni mbili, na ukiona ya tatu ujue kuna mtu kaiba kwa jirani. Alicheka sana. Alisema zote nne ni nusu kamili, hakuna iliyopungua, kila moja ukiijumlisha na nafsi yake inakurudisha mahali pamoja. Huwezi kuzitofautisha, mpaka utake kuigawa nusu yenyewe mara nyingine ili upate robo. Hapo ndipo nyingine zinakubali na nyingine zinakataa.

Robo hiyo ndiyo aliyokuwa anaitafuta miaka yote. Kila namba tasa, alisema, ina ulimwengu wake mdogo. Ulimwengu wa saba una namba saba tu, zinazunguka kama siku za juma, ukiimaliza Ijumaa unarudi Jumamosi. Ndani ya kila ulimwengu wa namna hiyo unaweza kuuweka mstari wako na kuuliza kama nukta yako ina robo humo, na jibu linapatikana, maana vitu ni vichache, unavikagua kimoja kimoja. Hapa kwetu, penye namba zote zisizo na mwisho, huwezi kukagua. Ndoto yake ilikuwa kwamba, kama nukta ina robo katika kila ulimwengu mdogo, basi lazima iwe nayo na hapa kwetu. Kwa nusu jambo hilo limeshathibitishwa zamani. Kwa robo, wapo waliokwisha kuonyesha mistari ambayo kwayo linakwama, lakini Teodora aliamini kwamba kuna jamii moja ya maumbo ambayo kwake halikwami, na alikuwa amebakiza kidogo kulionyesha.

Sikuamini kwamba mtu anaweza kulipenda jambo kama hilo, lakini nilimwona anavyolipenda. Alikuwa akilizungumza anakuwa binti. Alisema kuna raha ya kuingia katika ulimwengu mmoja baada ya mwingine, mdogo, uliotulia, na kila unapobisha hodi unakuta robo imeshakaa inakusubiri. Nilimwambia hiyo siyo hesabu, hiyo ni pepo.

Chuo kimoja cha Ulaya kilisikia habari zake kikamwita aende kwa mwaka mmoja, akae na profesa anayeijua kazi hiyo, aandike, arudi akiwa daktari wa hisabati. Alikuwa ameusubiri mwaliko huo tangu tufahamiane. Kilichobaki kuamuliwa ni habari ya mama.

Mama yake anaitwa Mama Venant, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Anakaa Kiseke, katika nyumba aliyoiacha marehemu mumewe, fundi wa meli, aliyeijenga katikati ya mawe mawili makubwa kiasi kwamba ukuta mmoja wa jikoni ni jiwe lenyewe. Ukilishika asubuhi ni la baridi, jioni limeshiba jua na lina joto la mwili wa mtu. Tangu mzee afariki, akili ya mama ilianza kuondoka, taratibu, bila fujo. Ni kama yale magugumaji yetu: unaangalia, yapo, unageuka kidogo, yamesogea. Alianza kusahau majina ya majirani, yakaja ya wajukuu, halafu ya watoto aliowazaa.

Wako wanne. Venant ana duka la vifaa vya ujenzi Buswelu, Precious ni muuguzi, Teodora ni wa tatu, na Jonathan, kitinda mimba, ni fundi umeme. Walijaribu kuweka mabinti wa kazi, haikuwezekana. Wa kwanza alikaa juma moja. Juma lilipoisha mama alimfungashia nguo zake vizuri kwenye begi, akamshukuru kwa kumtembelea, akamwambia kwao wanamsubiri, akamshika mkono na kumsindikiza mpaka barabarani. Wa pili naye alisindikizwa vivyo hivyo. Basi Venant, ambaye anapenda mambo yaliyonyooka, akagawa siku kwa wote wanne, naye akiwemo. Anayefika jioni analala, anashinda na mama kesho yake, jioni anakuja mwingine kumpokea. Mpango ulikuwa mzuri na siwezi kuulaumu. Mama hakulala peke yake hata mara moja, dawa zake za presha alimeza, nguo zake zilikuwa safi. Majirani walisema mzee mwenye watoto wa namna hiyo amebarikiwa.

Ila aliwapokea kama wageni. Unafika, unamwamkia shikamoo, mama, anaitika marahaba, halafu anainuka. Anainuka kwa tabu, na usimzuie. Anakuletea kiti, anakifuta kwa upindo wa kanga, anakupa maji ya kunywa. Umetoka mbali? Huko kwenu mvua zimenyesha? Watoto wazima, na ng'ombe? Ni salamu ya Kisukuma, ndefu, ya kukuuliza mpaka habari za zizini, na anaifanya vizuri bila kukosea mahali. Hatakuruhusu ushike ufagio wala mwiko, maana mgeni hatumwi. Ukiondoka anakusindikiza kwa mwendo wake mdogo mpaka kwenye jiwe lililo njia panda, anasimama hapo na kanga yake inapepea, mpaka upotee machoni ndipo arudi.

Teodora mwanzoni aliyapenda mambo hayo. Alikuwa akirudi kutoka Kiseke ananisimulia huku anatabasamu, eti mama yake sasa ni mwenyeji wa dunia nzima. Alisema kukaa naye ni kama kuota mchana, unapokewa na mtu mwema katika nyumba unayoijua kila tofali, unaulizwa kama umewahi kufika Mwanza.

Kosa katika hesabu zake lilionekana asubuhi ya kawaida tu. Ziwani walikuwa wametoka wale wadudu wadogo, wamesimama juu ya maji kwa makundi marefu meusi, ungedhani kuna mahali panaungua. Mimi nilikuwa nasahihisha insha. Teodora alikuwa kwenye ubao wetu mdogo, akiandika upya uthibitisho wake ili amtumie yule profesa. Nilisikia chaki inakwenda, inakwenda, halafu ikasimama. Nimezoea chaki yake kusimama, kwa hiyo sikugeuka. Baadaye ukimya ulizidi kipimo nikageuka. Alikuwa bado ameinua mkono, kama mtoto aliyetaka kujibu swali na jibu likamtoka.

Nikamuuliza kama kuna msiba. Akasema hapana. Akavuta sinia ya chai, akapanga vikombe vinne juu yake. Akasema hizo ndizo nusu nne za nukta yake. Katika ulimwengu wa saba, akagusa kikombe cha kwanza, hiki kinakubali kugawiwa. Katika ulimwengu wa kumi na moja hiki kinakataa, ila huyu jirani yake anakubali. Katika ulimwengu wa kumi na tatu wote wawili wanakataa, anakubali yule wa pembeni. Akaendelea hivyo, kidole chake kikiruka kutoka kikombe kimoja hadi kingine, na sauti yake ikipungua.

"Kila ninapokwenda namkuta mmoja amekubali," alisema. "Nikaandika, basi mchukue huyo aliyekubali, mpeleke nyumbani. Miaka yote hii, dada, nimekuwa nampeleka huyo. Na huyo hayupo."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na sioni haya kusema kwamba hilo nililielewa palepale, na liliniuma. Kila mahali yupo wa kukubali, lakini hakuna mmoja anayekubali kila mahali. Alikuwa na vipande vizuri visivyohesabika, akaamini ni vipande vya kitu kimoja. Nikamwambia anywe chai. Akainywa yote, imeshapoa, bila kutazama dirishani, na hapo ndipo nikajua mambo ni mabaya.

Alimwandikia profesa ukweli. Profesa akajibu kwamba makosa ya namna hiyo hutokea, aende hivyohivyo, watakaa pamoja waone kama kazi inaweza kuokolewa. Nilimpigia vigelegele ofisini mpaka mlinzi akachungulia. Jumapili yake akaenda Kiseke kwenye kikao cha familia, maana siku zake ilibidi zigawiwe wenzake kabla hajasafiri.

Kikao hicho sikukihudhuria, nakisimulia kama alivyonisimulia yeye. Walikaa sebuleni wote wanne, kila mmoja kwenye kiti alichofutiwa na mama. Mama mwenyewe alikaa mkekani karibu na mlango, miguu ameinyoosha, akiwatazama kwa adabu, na mara mojamoja akiwauliza kama huko walikotoka mvua zimenyesha. Venant alipanga vizuri, siku za Teodora akaziingiza kwa Precious, kwa Jonathan, na nyingine akajichukulia mwenyewe. Halafu akamgeukia mdogo wake akamwambia aende kwa amani, asiwe na wasiwasi na mama, kwa sababu kila siku yupo mtu.

Teodora alisema alilisikia neno hilo akaona sakafu inasogea. Alivitazama viti. Vilikuwa vinne.

"Kaka, ni kweli kila siku yupo mtu," alisema. "Lakini hayupo mmoja ambaye yupo kila siku."

Hawakumwelewa. Jonathan alidhani analalamika juu ya mgao. Precious, ambaye hulala Kiseke akitoka zamu bila hata kupita kwake, aliumia, akamuuliza kama anataka kusema wao hawampendi mama. Teodora akasema hapana. Sote ni watoto kamili, alisema, hakuna aliyepungua. Lakini sisi tunakuja, tunalala, tunaondoka, na tukirudi tunaanza tena mlangoni.

"Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akawaambia. "Nani kati yetu ameshafika siku ya tatu?"

Venant alikohoa. Mama akadhani wageni wake wana kiu, akainuka kwenda kuchota maji.

Jioni aliwasindikiza wote kwa pamoja, wakiwa wamemzunguka, wakitembea kwa mwendo wake. Walipofika kwenye jiwe la njia panda akawashukuru kwa kumkumbuka, akasema wamefanya vizuri kuja siku moja. Halafu akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu.

"Kumbe mnafahamiana?" akawauliza.

Venant, yule mtu mzima mwenye duka lake, aligeukia jiwe akalia. Teodora hakulia. Aliniambia alibaki amesimama anaangalia chini mjini, taa zikiwaka huku na huku kati ya mawe, ziwa likiwa bado na mwanga wake, na moyo wake ukawa mtulivu kabisa, kwa sababu alikuwa amemaliza kuamua.

Kesho yake aliniambia haendi Ulaya. Nilimwambia ni mpumbavu, tena nilisimama kabisa ili nimwambie vizuri. Nilimwambia mwaka kama ule haubishi hodi mara mbili, na kwamba yule mama hatajua tofauti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema huenda kweli hatajua. Kisha akauliza kama kuna chai.

Akahamia Kiseke, yeye, kitanda chake, vitabu vyake na ubao aliouegemeza kwenye ule ukuta wa jiwe. Aliomba vipindi vyake viwe vya asubuhi, na asubuhi hizo ndugu zake walipokezana kushinda na mama. Wengine waliendelea kuja na kuondoka, ila yeye sasa ndiye aliyelala pale, na kuamka pale, siku zote.

Siku ya tatu ikafika, jembe hakupewa. Mama alimfutia kiti. Mwezi ukapita, mama akamfutia kiti. Kila asubuhi Teodora alipobeba mkoba mama alivaa ndala zake akamsindikiza mpaka kwenye jiwe, na kila alasiri alipokelewa kwa habari za huko alikotoka. Alijaribu kupika, mama akamnyang'anya mwiko kwa upole, pumzika mgeni wangu. Alijaribu kumwonyesha picha za zamani, mama akazisifu, akauliza hao watu ni wa wapi. Siku moja alimwonea huruma kabisa, akamuuliza: kwenu hawakutafuti? Hilo Teodora alinisimulia ofisini akicheka, na kicheko kikageuka. Nilifunga mlango nikamshika mpaka akatulia. Kwa mara ya kwanza nilimwogopea. Niliona amekiachia kilichokuwa mkononi kwa ajili ya kitu ambacho huenda kimeshatoka ghubani.

Halafu akaacha kujaribu. Alisema alichoka kubisha hodi. Akawa anafanya mambo yaleyale tu, mahali palepale, kila siku. Kigoda chake alikiweka chini ya jiwe la jikoni, upande wenye joto, akakaa hapo kila alasiri akimenya viazi vitamu wakati mama amesinzia, maana akiwa macho hakuruhusiwa. Akafagia uwanja mama akiwa bafuni. Akaimba nyimbo za kanisani anazozijua nusunusu, akinyamaza katikati kama kawaida yake. Na ubaoni alikuwa ameigeuza kazi yake. Hakutafuta tena robo. Alikuwa anaiendea kila nusu, mojamoja, zote nne, na kuonyesha ulimwengu ambamo inakataa, ili ithibitike kwamba nukta ile, inayokubali kila unapoiuliza mahali pamoja pamoja, hapa kwetu, ikiwa nzima, haikubali. Aliniambia ni kazi ndogo kuliko ile aliyoiota, lakini ni ya kweli. Mvua za vuli zikaja, zikaisha. Macho yake yalianza tena kutoka dirishani, nami nikaanza tena kukasirika kwa ajili ya chai, na tulikuwa tunaelekea kuwa sawa.

Jumamosi moja nikaamua kwenda kuwatembelea. Nilipita mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, nikanunua sato wawili wakubwa, nikawafunga kwenye gazeti, nikapanda Kiseke. Ilikuwa alasiri yenye mwanga laini, ule unaokuja mvua ikiwa imenyesha upande wa pili wa ziwa. Mama Venant aliniona tangu nikiwa kwenye jiwe la njia panda. Nilipofika uwanjani alikuwa ameshainuka. Shikamoo, mama, nikasema, naye akaitika marahaba, akaniongezea na mwadila, salamu ya Kisukuma ya alasiri, nikaijibu kwa lafudhi yangu ya mjini ambayo haikumfurahisha. Alinipa kiti, alikifuta. Nimetoka mbali? Nikasema Nyegezi. Huko mvua zimenyesha? Nikasema zimenyesha kidogo. Nikamkabidhi samaki, akawapokea kwa mikono miwili.

Teodora alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono ina vumbi la chaki, anatutazama, au anatazama kitu kilicho nyuma yetu. Nilijua ile sura. Alikuwa amefika kwenye namba zake, na sisi tulikuwa tumebaki hapa.

Mama aligeuka akamwona. Uso wake ulibadilika, na mpaka leo najitahidi kuueleza. Adabu yote ilimtoka. Alikunja uso.

"We, umesimama hapo kama mgeni?" akasema. "Mletee mgeni maji."

Teodora hakusogea. Nadhani hakuweza. Mimi nilikuwa nimeshika mikono ya kiti, naogopa hata kupumua, nisije nikalifukuza neno lile likarudi lilikotoka. Mama akafyonya. Akanigeukia mimi, na sasa alikuwa na ile aibu ambayo wanawake wote tunaijua, ya mzazi anayeangushwa na mwanawe mbele za watu.

"Utamsamehe," akaniambia. "Huyu wangu akili yake inatoka nje na kwenda zake. Yuko hivyo tangu mdogo."

Teodora akaingia jikoni. Nilisikia kata ikigonga ndoo. Mama alinieleza kwamba mtoto mwenyewe ni mzuri, mpole, hana neno na mtu, ila ukimtuma dukani unaweza ukafika msimu wa kuvuna hajarudi. Hakumtaja jina, na mpaka leo hajamtaja. Maji yalipokuja, glasi ilikuwa imejaa mpaka juu na aliyeileta alikuwa amenawa uso. Nikanywa yote. Sikuwa na kiu.

Kazi yake bado hajaimaliza, na bado hakuna anayemwita daktari. Labda mwakani. Siku hiyo hatukuzungumza habari hizo. Mama alimtuma awashe moto, akamtuma akatafute kisu, akamkaripia kwa kukiacha kisu juu ya jiwe, akamwambia aparue samaki na asiache magamba kwenye uti. Teodora alikuwa anasema ndiyo mama, ndiyo mama, anakwenda na kurudi. Sijawahi kumwona mtu anatumwa akawa na furaha kiasi kile.

Jua lilipoinama nikaaga. Mama alivaa ndala zake anisindikize, na Teodora hakuruhusiwa kuja, alikuwa na samaki. Tulikwenda polepole mpaka kwenye jiwe la njia panda. Nilitegemea atasimama pale mpaka nipotee machoni, kama desturi yake, nikawa nimeshajiandaa kugeuka na kumpungia mkono. Lakini alinipa mkono haraka, akaniomba radhi. Alisema hawezi kukaa, amemwacha mtoto peke yake na moto.